Historia: Carl Akeley, mtengenezaji wa wanyama wasiopumua aliyezikwa Virunga

BAMBU – Wiki chache zilizopita, kijana mmoja wa ukoo wetu alituonyesha video kwenye simu yake. Ni mbwa wa plastiki na chuma kutoka Japani. Anatikisa mkia, anainua mguu, anageuza kichwa akiitwa jina. Kijana alitueleza kwamba huko kuna wazee wanaokaa peke yao na mbwa wa namna hiyo: wanazungumza naye, wanampapasa kichwa, na akiharibika wanalia. Baba yangu mdogo aliangalia video ile mara mbili bila kusema neno. Yeye alikimbia hapa Bambu na watoto mgongoni katika miaka hii ya mashambulizi ya Djugu, akamwacha mbwa wake mlangoni. Aliporudi hakumkuta. Mwishowe aliuliza kama huyo mbwa wa video anakula. Alipoambiwa anakula umeme tu, alirudisha simu akaenda kuangalia mbuzi.

Swali lake lilinibakia kichwani. Je, mnyama aliyetengenezwa na mikono ya mtu anaweza kushika nafasi ya mnyama wa kweli? Wengi wanadhani swali hilo limeletwa na watu wa kompyuta. Lakini hapa hapa mashariki ya Kongo, juu ya milima ya Virunga, mahali panapoitwa Kabara, kuna kaburi la mtu aliyehangaika na jambo hilo maisha yake yote, karibu miaka mia moja kabla ya mbwa wa Japani kufika kwenye simu zetu. Jina lake ni Carl Ethan Akeley, Mmarekani. Hakutengeneza roboti. Alitengeneza wanyama waliokufa wakaonekana kama wazima, na kazi hiyo ndiyo iliyompeleka kutetea wale waliokuwa hai kweli.

Akeley alizaliwa tarehe 19 Mei 1864 katika shamba karibu na Clarendon, jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa wakulima, pesa haikuwa nyingi, na shule hakukaa sana. Kilichomvuta ni ndege na wanyama wadogo wa pori, na namna ya kuhifadhi ngozi zao. Inasimuliwa kwamba akiwa bado mtoto, mama mmoja aliyefahamiana na familia yao alifiwa na ndege wake wa nyumbani, mmoja wa wale ndege wadogo wa njano ambao wazungu hufuga kwenye kizimba kwa sababu ya wimbo wao. Mama huyo alihuzunika. Carl aliomba ule mwili, akaufanyia kazi, kisha akamrudishia ndege wake akiwa amesimama kama mzima. Hakuimba tena, hakuruka, lakini mama alikuwa na kitu cha kuangalia. Mtu akitafuta mwanzo wa maisha ya Akeley, auanzie kwa ndege yule.

Mwaka 1883, akiwa na umri wa miaka 19, alipata kazi mjini Rochester katika karakana ya Ward, iliyouza mifupa na ngozi za wanyama kwa majumba ya makumbusho. Mshahara ulikuwa dola tatu na nusu kwa wiki. Kazi yenyewe ilimvunja moyo upesi. Siku hizo ngozi ya mnyama mkubwa ilining'inizwa miguu juu, ikashindiliwa majani makavu na matambara mpaka kisiingie kitu kingine, halafu ikashonwa. Yeyote aliyewahi kujaza godoro la majani anajua matokeo: panavimba pale pasipotakiwa kuvimba. Swala alitoka na shingo ya ng'ombe, simba na uso wa mlevi.

Hapo ndipo alipokutana na Jumbo. Tembo huyo alikamatwa Afrika akiwa mdogo, akapelekwa Ulaya, akaishi miaka mingi katika bustani ya wanyama ya London, ambako watoto walipanda mgongo wake na kumlisha mikate. Mwaka 1882 aliuzwa kwa Barnum, mwenye sarakasi wa Marekani, na watoto wa Uingereza walimwandikia malkia Victoria barua wakimwomba asikubali tembo wao aondoke. Aliondoka. Miaka mitatu baadaye, Septemba 1885, treni ilimgonga nchini Kanada akafa. Barnum hakukubali kupoteza pesa zake. Aliagiza ngozi ijazwe na mifupa isimamishwe, na kijana Akeley alikuwa kati ya waliofanya kazi hiyo. Jumbo aliyejazwa akatembezwa mji kwa mji pamoja na tembo jike aliyeitwa Alice, ambaye watangazaji wa sarakasi walimwita mjane. Watu walilipa na kuingia, wengine wakasikitika mbele yake kama mbele ya maiti ya ndugu.

Nadhani Akeley alijifunza mambo mawili pale, ingawa siwezi kujua ni lini aliyapanga kichwani. La kwanza, mtu anaweza kuwa na huzuni ya kweli mbele ya mnyama asiyepumua. La pili, kama mnyama huyo ametengenezwa vibaya, huzuni hiyo inageuka kichekesho.

Alihamia Milwaukee, akafanya kazi huko miaka kadhaa. Mwaka 1890 alikamilisha kisanduku cha kioo chenye panya wakubwa wa majini pamoja na nyumba yao ya matope, majani yao na maji yao, kana kwamba umechungulia ukingo wa mto. Leo jambo hilo ni la kawaida katika makumbusho yote ya dunia. Wakati ule lilikuwa jipya. Kutoka Milwaukee alikwenda Chicago, katika makumbusho ya Field, na huko ndiko alikokamilisha njia yake. Majani makavu aliyatupa. Alichukua mifupa ya mnyama, akaisimamisha katika mwendo aliouona porini, kisha akajenga misuli yote kwa udongo wa mfinyanzi, mshipa kwa mshipa, kama mchongaji wa sanamu. Juu ya udongo alimwaga plasta ili kupata kalibu, na ndani ya kalibu hiyo akatengeneza mwili mwepesi, mtupu ndani, wa karatasi na gundi. Ngozi ilivalishwa juu ya mwili huo kama koti lililoshonwa kwa kipimo. Tembo wake wawili wanaopigana bado wamesimama Chicago hadi leo.

Alikuwa pia fundi wa mashine. Jengo la makumbusho lilikuwa linabomoka kuta, basi akabuni bomba la kurusha saruji kwa nguvu ya hewa. Mashine za ukoo huo bado zinatumika kwenye mahandaki na migodi, na wanaojua migodi ya dhahabu ya Kilo wataelewa faida yake. Kamera za sinema za siku zile hazikuweza kumfuata mnyama anayekimbia, basi akatengeneza yake, ambayo hata jeshi la Marekani liliinunua katika vita vya kwanza vya dunia. Mtu wa namna hiyo, kama angezaliwa wakati wetu, sina shaka angekuwa kwenye karakana ya roboti.

Safari yake ya kwanza ya Afrika ilikuwa Somalia, mwaka 1896. Jioni moja alifyatua risasi kwenye kichaka bila kuona vizuri kilichokuwa ndani. Alikuwa chui. Chui aliyejeruhiwa alimrukia, akamng'ata mkono. Bunduki ilikuwa imeanguka. Akeley alisukuma ngumi yake ndani ya koo la mnyama badala ya kuivuta nje, akaanguka juu yake, akamkandamiza kifua kwa magoti mpaka pumzi ikaisha. Kuna picha yake siku hiyo, mikono imefungwa bandeji, chui ananing'inia kando yake. Picha hiyo ndiyo iliyompa sifa, na watu wengi wa Marekani hawakujua jambo lingine juu yake. Ni pungufu.

Mwaka 1902 alimwoa Delia Denning, mwanamke aliyemsaidia katika karakana na ambaye baadaye aliwinda naye Kenya. Mwaka 1909 Akeley alianza kufanya kazi kwa makumbusho ya New York, na wote wawili walirudi Afrika Mashariki kwa safari ndefu. Mwaka uliofuata, kwenye miteremko ya mlima Kenya, tembo alimkamata Akeley. Alishika pembe mbili kwa mikono, akajiingiza katikati, na tembo akamkandamiza chini. Mbavu zilivunjika, pafu likatobolewa, uso ukachanika. Wapagazi wakadhani amekufa, akalala saa nyingi kwenye baridi na mvua. Delia alipopata habari aliwaamsha watu usiku, wakakata pori, wakamfikia. Bila mama huyo, Virunga isingekuwa na hadithi ninayoandika.

Katika safari hiyo hiyo Delia alipata mtoto wa tumbili, au makako kama tunavyosema wengi huku kwetu. Alimpa jina J.T. Jr., kwa heshima ya rafiki yao McCutcheon, mchoraji katuni wa Chicago, ingawa makako yule alikuwa jike. Delia hakuwa na mtoto. J.T. alikula mezani, alilala ndani, alikuwa na kijana wa kumtunza, na safari ilipokwisha alivuka bahari akaenda kuishi katika nyumba ya orofa ya New York. Aliishi nao karibu miaka tisa.

Wenye makako nyumbani hapa Ituri hawatashangaa kusikia yaliyofuata. Makako akiwa mdogo ni mtoto; akikomaa anataka ukubwa. J.T. alivunja vyombo, akararua mapazia, akawachukia wageni. Hatimaye alimuuma Delia mguuni vibaya sana, jeraha likaoza, mama akalala kitandani kwa muda mrefu. Hata hapo Delia alimtetea. Alisema mbele ya watu kwamba kosa si la mnyama, ni la yule aliyemtoa kwenye miti akamfungia kati ya kuta nne. Mwishowe J.T. alipelekwa bustani ya wanyama. Delia alikuja kuandika kitabu kizima juu yake.

Tufikirie nyumba ile. Mchana, mume yuko karakana anatengeneza wanyama wasiouma kamwe, ambao watapendwa na maelfu ya watu. Jioni anarudi nyumbani, na mnyama pekee aliye hai pale anauma. Sijui kama yeye mwenyewe aliwahi kucheka jambo hilo. Ndoa ilizidi kupoa, na mwaka 1923 waliachana. Delia hakukaa chini kulia: mwaka 1924, akiwa mwanamke wa makamo, alifunga mizigo akaja Afrika bila mzungu mwingine kwenye msafara wake, na katika safari hiyo aliishi miezi kadhaa na Wambuti katika pori letu la Ituri. Ni mmoja wa wageni wachache wa wakati ule waliotaka kujua Wambuti wanavyolea watoto na kupika, badala ya kuwapima vichwa.

Turudi kwa Carl. Tangu alipolala mgonjwa Kenya alikuwa na ndoto ya ukumbi mkubwa New York, ambamo Afrika yote ingeonekana nyuma ya kioo. Aliamini wanyama watakwisha, na kwamba kazi yake ni kuwahi kuwatengeneza kabla hawajakwisha. Kwa ukumbi huo alihitaji gorila wa milimani. Mwaka 1921 alianzia Cape Town, akapita Katanga, mto Lualaba, ziwa Tanganyika na ziwa Kivu, akafika chini ya Mikeno. Alikuwa pamoja na familia ya Bradley ya Chicago na binti yao Alice mwenye miaka sita. Alice huyo alikuja kuwa mwandishi mashuhuri akitumia jina la kiume, James Tiptree, na moja ya hadithi zake zilizosifiwa sana inahusu mwili mzuri uliotengenezwa kiwandani, unaoendeshwa na akili ya mtu mwingine aliyefichwa mbali. Huenda ni bahati tu. Lakini mtoto huyo aliona kwa macho yake, Kivu, namna ngozi inavyotenganishwa na uhai.

Wakati ule wazungu waliamini gorila ni shetani wa pori, mwenye kuiba wanawake na kuvunja bunduki kwa meno. Akeley alipanda mlima akitarajia vita. Hakukuta vita. Gorila walimkimbia, au walikaa wakimtazama kwa mshangao. Aliwaua hata hivyo, kwa sababu ndicho kilichomleta. Aliposogea karibu na dume la kwanza alilolipiga, alikiri baadaye kwamba ilimbidi ajikumbushe kuwa yeye ni mtu wa sayansi, la sivyo angejiona muuaji.

Kisha siku moja alimpiga jike. Jike alianguka akaporomoka kwenye mteremko, na mwanawe wa miaka kama minne akakimbia nyuma yake. Watu waliokuwa mbele wakamchoma mtoto kwa mikuki. Akeley alipofika mtoto alikuwa bado hajafa. Alieleza katika maandishi yake kwamba uso wa mdogo yule ulikuwa unaomba msaada, na kwamba kama angepewa nafasi angekuja mikononi mwake kutafuta faraja, mikononi mwa mtu aliyetoka kumuua mama yake.

Sehemu hiyo ya maisha yake naona ni nzito kuliko chui na tembo wote. Fikiria: huyu ndiye mtu aliyejua kuliko wote duniani namna ya kumtengeneza mnyama akafanana na aliye hai. Alikuwa na kalibu, plasta, rangi, macho ya kioo. Alichukua hata nakala ya nyuso za gorila kwa plasta muda mfupi baada ya kufa, ili asikosee hata mkunjo mmoja wa pua. Uso ule wa mtoto angeweza kuutengeneza, na aliutengeneza. Lakini kutafuta faraja, kule kuja mikononi, hakukuwa na njia ya kukutia ndani ya karatasi na gundi, na yeye alikuwa mtu wa kwanza kulijua hilo.

Alisimama alipofikisha gorila watano. Siku zilizobaki alitumia ile kamera yake: picha za sinema alizopiga kwenye mteremko wa Mikeno ndizo za kwanza duniani kuonyesha gorila wa milimani wakiishi maisha yao. Aliposhuka alikuwa mtu mwingine. Alirudi Marekani akaanza kuandika barua na kugonga milango, akimwomba mfalme Albert wa Ubelgiji na serikali yake wafunge milima ile, bunduki zisiingie tena, hata bunduki za watu kama yeye. Tarehe 21 Aprili 1925 amri ikatoka. Parc Albert ikazaliwa, mbuga ya kwanza ya taifa katika Afrika nzima; ndiyo tunayoiita leo Virunga.

Hapa lazima niweke neno, maana wasomaji wa Ituri na Kivu wataliona hata nisipoliandika. Mwaka 1926 Wabelgiji waliunda kampuni ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, ambayo hapa Bambu palikuja kuwa makao yake. Babu zetu walipelekwa kuchimba kwa nguvu, kwa fimbo na kodi. Kusini, mbuga ilipopanuliwa miaka iliyofuata, wakulima na wafugaji waliambiwa kwamba mashamba ya baba zao yamekuwa ya wanyama. Serikali ile ile iliyosikiliza kilio cha gorila haikusikiliza cha mchimbaji. Sisemi gorila hakustahili. Nasema kilio chake kilikuwa na mtu wa kukipeleka New York na Brussels, akiwa na picha mkononi.

Na picha hiyo ilifanya kazi kwa sababu mmoja ambao watengenezaji wa roboti wa leo wanaufahamu vizuri. Mhandisi wa Japani, Takanori Shibata, alipotengeneza roboti wa kuwafariji wazee na wagonjwa, roboti anayeitwa Paro, hakuchagua umbo la mbwa wala paka. Alichagua mtoto wa sili, mnyama mweupe wa manyoya anayeishi kwenye bahari za barafu. Mzee aliyefuga paka maisha yake yote akipewa paka wa mashine anamlinganisha mara moja na wake, anamwona baridi, anamsukuma. Sili hakuna aliyemfuga. Mtu hana cha kulinganisha, basi anamkubali. Paro anatumika katika nyumba za wazee za nchi nyingi, na wauguzi wanasema wagonjwa waliosahau majina ya watoto wao wanampapasa na kutulia.

Wakaaji wa New York nao hawakuwa na gorila wa kulinganisha. Gorila wa Akeley ndiye aliyekuwa gorila wao wa kwanza, walimpenda alivyo, nyuma ya kioo. Ndiyo maana nadhani baba yangu mdogo alirudisha simu upesi hivyo: mbwa anamjua. Anajua harufu yake akitoka mvuani, anajua namna anavyobweka mgeni akipita na namna nyingine anavyobweka bunduki zikisikika.

Yale mabati ya Japani nayo yana huzuni yake. Kampuni ya Sony ilianza kuuza mbwa wake Aibo mwaka 1999, ikaacha kuwatengeneza mwaka 2006, kisha ikafunga huduma ya kuwarekebisha. Wenye mbwa walibaki na mizoga isiyooza. Kuanzia mwaka 2015 hekalu moja la Wabuddha liliwafanyia mazishi, mamia wakipangwa kwa mistari, kila mmoja na jina la mwenye naye. Mama yule wa Clarendon na ndege wake wa njano angewaelewa watu hao.

Mwaka 1926 Akeley alirudi mara ya mwisho, sasa pamoja na mke wake wa pili, Mary Jobe, waliyeoana mwaka 1924. Walipita Kenya na Tanganyika kukusanya wanyama wa ukumbi, na huko alichoka kabisa. Alikuwa na miaka 62, homa haikumwacha. Watu wa msafara walitaka apumzike. Yeye alitaka afike Kivu. Hakuja tena kuua gorila. Alikuja na mchoraji, William Leigh, ili achore milima ile itakayokuwa nyuma ya wale watano, na pamoja na mtaalamu wa Ubelgiji, Derscheid, aliyekuja kuchunguza mbuga mpya. Alibebwa kwenye machela sehemu ya njia. Alifika Kabara, uwanda ulio kati ya Mikeno na Karisimbi, zaidi ya mita 3 000 juu, ambako asubuhi nyasi huwa na barafu. Alikufa hapo tarehe 17 Novemba 1926. Walimzika palepale. Mary Jobe hakurudi nyumbani mara moja. Alibaki kusimamia kazi mpaka majani, maua na michoro iliyohitajika ikapatikana.

Ukumbi ulifunguliwa New York tarehe 19 Mei 1936, siku ambayo angetimiza miaka 72. Una jina lake. Katikati wamesimama tembo wanane, pembeni kuna madirisha 28 ya kioo, kila moja na kipande chake cha Afrika. Katika dirisha la gorila, dume limesimama linapiga kifua, wengine wamekaa kwenye majani, na nyuma yao kuna milima ya Kivu na moshi wa volkano, kama Leigh alivyoiona kutoka karibu na kaburi. Kuna pia dirisha la okapi, mnyama wa Ituri, ambaye wengi wetu wa Djugu hatujamwona kwa macho. Mtoto wa New York anamwona okapi kwa urahisi kuliko mtoto wa Bambu.

Kabara haikusahaulika. Mwaka 1959 George Schaller alikwenda kukaa hapo kuwachunguza gorila, na mwaka 1967 Dian Fossey akapiga hema kwenye uwanda huo huo, karibu na kaburi, kabla ya vurugu za Kongo kumsukuma upande wa Rwanda. Baadaye majangili walilivunja kaburi la Akeley, likatengenezwa tena. Gorila wa milimani, ambao yeye alidhani watakwisha mapema, leo wanazidi elfu moja wakihesabiwa Kongo, Rwanda na Uganda. Walinzi wengi wa mbuga, Wakongomani, wameuawa ili hesabu hiyo isishuke.

Miaka michache iliyopita watengenezaji wa filamu wa Uingereza walipeleka gorila wa roboti kwa gorila wa kweli nchini Uganda, macho yake yakiwa kamera. Walijua gorila hapendi kukaziwa macho, basi walimfundisha roboti kuangalia pembeni kwa adabu. Walimkubali. Kabla ya hapo, India, watu hao hao walipeleka mtoto wa makako wa roboti kwenye kundi la makako. Mmoja alimbeba, akamwangusha kutoka juu. Roboti hakuinuka. Kundi zima likakusanyika kumzunguka, kimya, wengine wakikumbatiana kama wafiwa.

Nilimwonyesha baba mdogo picha ya dirisha la gorila la New York. Safari hii hakuuliza kama wanakula. Aliangalia dume, akaangalia milima, kisha akaweka kidole juu ya yule mdogo, akataka kujua mama yake ni yupi kati ya wale. Nilimwonyesha jike, nikamsimulia yaliyotokea kwenye mteremko. Alinyamaza. Akaniuliza kama wote watano walitoka upande wetu wa mpaka. Nikamwambia ndiyo, walitoka Kongo.